Beti za Mwisho za Margazhi: Safari ya Srivilliputhur na Srirangam

Watamil wa kusini mwa India wana mwezi uitwao Margazhi, unaoanza katikati ya Desemba na kumalizika katikati ya Januari, na katika mwezi huo mahekalu ya Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, hayaamshwi kwa nyimbo za siku nyingine. Hata Tirumala, hekalu la mlimani ambalo ni miongoni mwa yale yanayopokea mahujaji wengi zaidi duniani, huuweka kando wimbo wake wa alfajiri na kuimba badala yake utenzi wa beti 30 uitwao Tiruppavai. Aliyeutunga ni msichana, Andal, aliyeishi zaidi ya miaka 1,100 iliyopita katika mji wa Srivilliputhur, na ambaye leo huabudiwa mjini humo kama mungu wa kike. Kila siku ya mwezi ina ubeti wake, na wenyeji niliokaa nao walizihesabu siku kwa beti. Nami nimeipanga kumbukumbu hii hivyo hivyo.

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili kutoka Tanga, na ni Mwislamu. Nilifika Madurai kumsindikiza mama mdogo aliyekuja kutibiwa macho, na alipopata nafuu ya kuweza kukaa na binti yake, alinipa ruhusa niende nikayatazame yale niliyokuwa nikiyasoma kwa miaka mingi. Niliyoyaandika hapa kuhusu imani ya wenyewe nimeyaandika kama walivyonisimulia.

Tarehe 8 Januari, ubeti wa 24: Madurai na Alagar Koyil

Saa kumi na moja alfajiri vipaza sauti vya mtaani vilianza. Ubeti wa 24 ni wa sifa tupu: unaisifu miguu iliyoupima ulimwengu kwa hatua, unausifu ushujaa ulioiangusha Lanka, unamsifu yule aliyeuinua mlima Govardhana ukawa mwavuli juu ya ng'ombe na wachungaji wao. Nilikuwa na tafsiri mkononi, na ingawa Kitamil changu ni cha salamu tu, niliweza kufuatana na waimbaji kwa sababu kila sifa hukamilishwa kwa neno lile lile moja, na masikio huizoea haraka mizani ya namna hiyo.

Habari za Andal huanzia kwa baba yake mlezi, na za baba yake huanzia hapa Madurai. Alikuwa mtunza bustani aitwaye Vishnuchitta, asiye na elimu ya kujionyesha, ambaye kazi yake ilikuwa kulima maua na kumsukia Vishnu mashada. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Pandya alitundika mfuko wa dhahabu barazani kwake na kutangaza kuwa ni wa yule atakayethibitisha mungu aliye mkuu. Mtunza bustani alisema, mfuko ukashuka wenyewe, na mfalme akampandisha juu ya tembo na kumtembeza mjini kwa heshima. Hapo Vishnu akatokea angani akiwa amempanda Garuda, ndege wake, ili aitazame furaha ya mja wake. Mtu mwingine angeomba utajiri au wokovu. Mzee huyu aliingiwa na hofu kwamba Mungu, mzuri kiasi kile, ameonekana hadharani na atapatwa na kijicho, kwa hiyo akaanza kumwombea dua: uishi miaka mingi, miaka maelfu kwa maelfu. Tangu siku hiyo akaitwa Periyalvar, Alvar mkubwa, yaani mkubwa miongoni mwa washairi watakatifu wa Vishnu, na dua yake bado hufungua visomo katika mahekalu ya Vishnu ya Watamil. Hekalu la Koodal Azhagar, lililoko katikati ya mji, ndilo linalohusishwa na tukio hilo. Nililipitia asubuhi, nikasimama nje kwa muda mrefu. Anayetaka kumwelewa binti hana budi kuanza na mzee huyu, kwani nyumba aliyolelewa Andal ilikuwa nyumba ambamo mtu alimwonea Mungu wake huruma ya mzazi.

Alasiri nilikwenda Alagar Koyil, takribani kilomita 20 kaskazini mwa mji, chini ya vilima vyenye msitu. Andal alimwekea mungu wa vilima hivi nadhiri katika mojawapo ya nyimbo zake: kwamba akimpata mpenzi wake, atatoa vyungu 100 vya siagi na vyungu 100 vya wali mtamu. Nadhiri hiyo itarudi mbele katika simulizi. Kila mwaka katika mwezi wa Chithirai, mungu wa Alagar Koyil hushuka hadi mto Vaigai mbele ya umati usiohesabika, na shada analovaa siku hiyo huletwa kutoka Srivilliputhur, likiwa limekwisha kuvaliwa na Andal.

Tarehe 9 Januari, ubeti wa 25: njiani na Srivilliputhur

Basi lilipita Tirumangalam na Kallupatti, kisha milima ya Ghats ya Magharibi ikaanza kujitokeza upande wa kulia, ya buluu na yenye mawingu mabegani. Ni mwendo wa takribani kilomita 75. Kabla mji haujaonekana, mnara wake huonekana: ngazi 11 za mawe na matofali zikipungua upana kuelekea juu, urefu wa karibu mita 59, juu ya mashamba na minazi. Huu ndio mnara unaotajwa kuwa umechorwa katika nembo ya serikali ya jimbo la Tamil Nadu, na hakuna mwenyeji aliyesubiri nimuulize ndipo anieleze.

Nilipokelewa na mwalimu mstaafu wa historia, mama wa makamo aliyewahi kufundisha pamoja na rafiki yangu. Nilimwita Amma, naye akanichukua kama binti. Jambo la kwanza alilofanya baada ya maji ya kunywa ni kunisomea ubeti wa siku, kwa Kitamil kwanza, polepole, halafu akanieleza maana yake.

Ubeti wa 25 unamhusu Krishna, ambaye ni Vishnu katika umbo la binadamu, aliyezaliwa akiwa mwana wa mama mmoja, na usiku ule ule akafichwa na kulelewa kama mwana wa mama mwingine, kwa sababu mfalme Kamsa alitaka kumwua. Andal hayataji majina ya akina mama hao. Anasema tu mwana wa mama mmoja, mwana wa mama mwingine, na katikati ya maneno hayo anaweka usiku mmoja. Amma alinyamaza, kisha akasema kwamba anayeyaandika haya ni mtoto aliyeokotwa.

Simulizi ni kwamba Periyalvar alikuwa akipalilia bustani yake katika mwezi wa Aadi, siku ya nyota ya Pooram, akasikia kilio, akamkuta mtoto wa kike chini ya mtulasi. Hakuwa na mtoto, wala hapakuwa na aliyekuja kumdai huyu. Akampa jina la Kodai. Wenyeji huamini kwamba alikuwa mungu wa ardhi aliyejileta mwenyewe, na siku ya kuonekana kwake huadhimishwa kila Julai au Agosti kwa sikukuu ya Aadi Pooram, ambapo maelfu ya watu huvuta kwa kamba gari kubwa la mbao la hekalu kulizunguka barabara nne za mji. Gari lenyewe nililiona limeegeshwa, refu kuliko nyumba zilizo jirani yake.

Jioni Amma alinipeleka kwenye bustani hiyo. Iko kati ya mahekalu mawili, la Vatapatrasayi lenye mnara mkubwa na la Andal lililo upande wa kusini-magharibi. Mitulasi ni nduguye mrehani wetu, nayo harufu yake baada ya kumwagiwa maji ni kali zaidi, yenye ukali wa karafuu ndani yake. Watu huingia, husimama mbele ya kibanda kidogo kinachoonyesha mahali alipookotwa, hutoka. Mama mmoja aliyembeba mtoto mchanga alimlaza hapo chini kwa muda, kisha akamwinua.

Tarehe 10 Januari, ubeti wa 26: mashada

Kabla ya alfajiri barabara zinazolizunguka hekalu zilikuwa na wanawake walioinama mbele ya milango yao, wakichora kwa unga wa mchele michoro ya nukta na mistari isiyokatika, na wengine wakitia katikati ua la boga lililosimikwa katika donge la samadi. Katika Margazhi michoro hii huwa mikubwa kuliko miezi mingine. Kikundi cha wasichana kilipita kikiimba. Sehemu kubwa ya utenzi wenyewe inawahusu wasichana wanaopita nyumba kwa nyumba kuwaamsha wenzao waliolala, wakiwatania na kuwabembeleza, na katika ubeti wa 13 wanawaambia kwamba Zuhura imekwisha kuchomoza na Mshtarii imelala. Wapo wataalamu waliouchunguza mstari huo kwa hesabu za nyota ili kupata wakati alioishi mtunzi, na wengi wao huangukia karne ya 8.

Ubeti wa 26 unaomba vifaa vya ibada: makoa ya baharini yapulizwayo kama baragumu, meupe kama maziwa, ngoma kubwa, waimbaji, taa, bendera na kitambaa cha juu cha kivuli. Unamalizika kwa kumwita yule alalaye juu ya jani la mti uitwao banyani wakati wa gharika. Mungu huyo wa juu ya jani ndiye Vatapatrasayi, mungu wa hekalu lenye mnara, yule ambaye Periyalvar alimsukia mashada kila siku. Kwa hiyo Andal, katika ubeti huu, anamwita jirani yake. Nilikuwa nimeusoma ubeti huo mara nyingi bila kulijua hilo, kwa maana tafsiri haina namna ya kukuonyesha umbali mfupi ulioko kati ya bustani na mlango wa hekalu.

Kwa desturi, asiye Mhindu huishia kwenye nguzo ya bendera, nami niliishia hapo. Ndani kabisa, kwa maelezo ya Amma, Andal anasimama pamoja na Rangamannar, ambaye ni Vishnu katika umbo la bwana harusi, na Garuda yuko pamoja nao katika chumba kimoja, jambo lisilo la kawaida katika mahekalu mengine. Ndani pia kiko kisima kidogo kinachoitwa kisima cha kioo, na hapo ndipo kilipo kiini cha simulizi yote.

Kodai alipokua alianza kulivaa kwa siri shada ambalo baba yake alikuwa amelisuka kwa ajili ya Mungu. Alilivaa, akaenda kisimani, akajitazama majini ili aone kama anamfaa, kisha akalivua na kulirudisha kikapuni kama lilivyokuwa. Katika desturi ya ibada yao, kitu kilichokwisha kutumiwa na binadamu ni makombo, hakipelekwi mbele ya Mungu, na hata kuinusa harufu ya maua kabla hayajatolewa ni kosa. Siku moja mzee alikuta unywele katika maua. Alihuzunika, akalitupa, akasuka jipya akalipeleka. Usiku Vishnu akamjia ndotoni akamwambia kwamba lile jipya halina harufu, na kwamba analotaka ni lile alilolivaa yule binti. Kuanzia hapo Kodai akavishwa kwanza waziwazi, na sifa yake kubwa mpaka leo ni hiyo: msichana aliyetoa shada baada ya kulivaa.

Karibu na hekalu nilikaa mchana kutwa kwenye baraza la wasukaji maua. Mzee mmoja alikuwa akisuka kwa uzi wa mgomba: vichipukizi vya mtulasi, maua meupe, kisha mekundu, akivifunga mafungu kwa mafungu kwa kidole gumba bila kuangalia, na shada likawa nene kiasi cha mkono wa mtu mzima. Vidole vyake vilinikumbusha wasukaji wa vikuba wa kwetu, wanaoshona asumini na mrehani na langilangi kwa ajili ya kifua cha bibi harusi. Alinieleza utaratibu kwa utulivu wa mtu anayetaja ratiba ya kazi. Shada alilolivaa Andal usiku hupelekwa asubuhi kwa Vatapatrasayi. Jingine huenda Madurai kwa sikukuu ya Chithirai. Jingine, pamoja na vitu vingine vya heshima, husafiri mamia ya kilomita hadi Tirumala kwa sikukuu kuu ya mwezi wa Purattasi, na huko mungu wa mojawapo ya mahekalu tajiri zaidi ya India huvikwa siku anapotoka juu ya Garuda. Mji huu mdogo haupeleki dhahabu. Unapeleka maua yaliyokwisha kuvaliwa, na mahekalu makubwa huyangoja.

Tarehe 11 Januari, ubeti wa 27: wali wa samli

Leo ni siku inayojulikana kwa maneno ya mwanzo ya ubeti wake, Koodarai, na jikoni kwa Amma hapakulalika. Katika ubeti wa pili wa utenzi wasichana wanaweka saumu: hawatakula samli wala maziwa, wataoga alfajiri, hawatapaka wanja, hawatavaa maua nywelini, hawatasengenya, watatoa sadaka. Katika ubeti wa 27 saumu inafunguliwa. Wanataja bangili, vipuli vya masikioni, mapambo ya miguuni, nguo mpya, kisha wali wa maziwa uliofunikwa kwa samli mpaka samli inachuruzika kiwikoni, na wanasema wataketi pamoja wale. Ni ubeti wenye njaa na furaha ya kweli ndani yake, na mimi ninauhesabu kuwa bora kuliko wote. Washairi wengi wa dini huidharau dunia ili waitukuze mbingu, ila msichana huyu alikitaja kiwiko.

Chakula chenyewe huitwa akkaravadisal. Amma aliupika mchele na dengu kidogo katika maziwa kwa moto mdogo, akikoroga muda wote, akatia sukari guru iliyoyeyushwa na kuchujwa, iliki, korosho zilizokaangwa, na samli, samli nyingine, na samli tena. Kwa kuwa alijua kwamba mimi sili kilichotolewa kwa miungu, alipika sufuria ndogo ya pili ambayo haikupelekwa kokote, akaniwekea mbele yangu bila kusema neno. Niliguswa sana na adabu hiyo.

Tukiwa tunakula alinimalizia habari ya vyungu 100. Andal aliondoka duniani bila kuitimiza nadhiri yake ya Alagar Koyil. Miaka mingi baadaye Ramanuja, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Vishnu ambaye jadi humhesabia miaka 120, kuanzia 1017 hadi 1137, alipokuwa akiufundisha wimbo ule aliona kwamba lile ni deni, na deni la marehemu hulipwa na nduguze. Akaenda Alagar Koyil, akatoa vyungu 100 vya siagi na 100 vya wali mtamu. Kisha akaja Srivilliputhur, na inasimuliwa kwamba sanamu ya Andal ilipiga hatua mbele ikamwita kaka. Ramanuja huyo huyo alikuwa akiisoma Tiruppavai kila alipopita mitaani kuomba chakula, na siku moja akiwa katika ubeti wa 18, ambao unamwomba mke wa Krishna afungue mlango kwa mkono wake wenye bangili zinazolia, mlango ulifunguliwa na binti wa mwalimu wake, bangili zikalia, naye akaanguka na kuzimia. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kwamba shairi lina uwezo wa kumwangusha mtu, na sasa nina mfano wa kuwapa.

Tarehe 12 Januari, ubeti wa 28: kasuku na mafuta

Ubeti wa 28 ni wa unyenyekevu. Sisi ni wachungaji, wanasema, tunawafuata ng'ombe na kula porini, hatuna elimu, usitukasirikie kwa kuwa tumekuita kwa majina madogo.

Asubuhi niliona kasuku akitengenezwa. Andal hushika kasuku katika mkono wake wa kushoto, ndege anayesemekana kuwa mjumbe wake kwa mpenzi, na kasuku huyo hafanywi kwa mawe wala dhahabu. Hutengenezwa upya kila siku kwa majani mabichi, na kazi huchukua zaidi ya saa nne. Mtengenezaji aliyakunja majani moja juu ya jingine mpaka yakapata umbo la kifua na mbawa, akayafunga kwa uzi wa mgomba, akatia vijiti vya mwanzi kuwa miguu, na petali nyeupe na za waridi kwa mapambo. Mdomo ni ua la komamanga. Alilishika ua hilo jekundu kwa ncha za vidole, akaligeuza mara mbili tatu akitafuta upande uliopinda vizuri, akalisimika, na majani yale yakawa ndege papo hapo. Kasuku wa jana hupewa muumini, na wapo wanaosubiri zamu zao kwa muda mrefu.

Alasiri ilikuwa zamu ya mafuta. Katika siku hizi za mwisho za Margazhi, Andal hubebwa katika msafara hadi kwenye banda la mawe kando ya bwawa la Thirumukkulam, kwa nadaswaram, zumari yao ndefu, na ngoma na miavuli mikubwa, ili apakwe mafuta na kuogeshwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita wenzake waende kuoga alfajiri ya mwezi huu. Mafuta ni ya ufuta, yamechemshwa kwa siku nyingi pamoja na mitishamba, na harufu yake ilitufikia tuliosimama nyuma ya umati. Kuhani alimchana nywele kwanza. Alifanya hivyo taratibu sana, akishika fungu moja baada ya jingine kama anavyofanyiwa binti kabla ya harusi, na wanawake waliokuwa mbele yangu walifuatilia kila mpito wa kitana kwa macho. Nywele za Andal hufungwa kishungi kilichoinamia upande wa kushoto, mtindo ambao wasichana wa Kitamil huuiga katika michezo ya jukwaani.

Mjini nilinunua palkova, tamutamu ya maziwa yanayochemshwa na sukari juu ya kuni mpaka yanakuwa mazito. Mwaka 2019 palkova ya Srivilliputhur ilipata hadhi ya kisheria ya bidhaa ya mahali pake.

Usiku Amma alinisomea nyimbo nyingine za Andal, zile zinazosomwa hadharani kwa nadra zaidi. Mkusanyo huo una beti 143, na ndani yake kuna uchungu wa mapenzi usiofichwa: analiuliza koa la Vishnu ladha ya midomo yake, anayatuma mawingu yapeleke habari zake, anasema kwamba likisemwa tu neno la kumwoza kwa binadamu, hataishi. Humo pia umo wimbo wa ndoto, ambamo bwana harusi anakuja akizungukwa na tembo 1,000, na wimbo huo huimbwa mpaka leo katika harusi za Watamil wafuasi wa Vishnu. Nilimwuliza Amma kama wazee hawaoni haya kuwasomea mabinti maneno hayo. Alijibu kwamba wazee ndio waliowafundisha.

Tarehe 13 Januari, ubeti wa 29 na wa 30: Srirangam

Amma alisafiri nami. Tulipita Madurai na kuendelea hadi Tiruchirappalli, zaidi ya kilomita 200 kwa jumla, kwa sababu simulizi ya Andal haiishii alikozaliwa. Alipokataa kuolewa na binadamu, baba yake alimsomea sifa za Vishnu wa kila hekalu, naye akamchagua Ranganatha wa Srirangam. Ranganatha akamjia mzee ndotoni akimtaka amlete bibi harusi. Mfalme wa Pandya akatoa msafara, machela ikapambwa, na Kodai akasafirishwa akiwa amevaa mavazi ya harusi hadi kisiwa hiki kilichopo kati ya mto Kaveri na tawi lake la Kollidam. Akaingia chumba cha ndani kabisa, akaigusa miguu ya mungu aliyelala juu ya nyoka, na hakuonekana tena. Baba akarudi nyumbani peke yake. Ndiyo sababu, Amma aliniambia tukiwa njiani, Srivilliputhur humwandalia Andal siku ya kurudi kwao: katika sikukuu ya Margazhi yeye na mumewe hupelekwa kwenye nyumba ya kizazi cha Periyalvar, na wenyeji huwatandazia mboga za kila aina, kama anavyopokewa binti aliyekuja kumsalimu mzazi.

Srirangam ni mji uliomo ndani ya hekalu. Kuta saba zinazungukana, na katika zile za nje kuna mitaa yenye maduka, nyumba za watu na pikipiki. Mnara wa kusini una urefu wa takribani mita 73 na ulikamilishwa mwaka 1987, baada ya msingi wake kukaa karne kadhaa bila kujengewa. Nilitembea mpaka ilipowezekana, nikasimama.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Ndani ya Srirangam, mbali na Andal, yuko bibi mwingine wa Ranganatha, naye ni Mwislamu. Huitwa Thulukka Nachiyar. Inasimuliwa kwamba jeshi la Sultani wa Delhi liliteka sanamu ya mungu, na binti wa Sultani akaipenda mno hata ilipokombolewa akaifuata mpaka Srirangam, akafia hapo. Hakuchongewa sanamu kwa kuheshimu dini aliyozaliwa nayo, bali amechorwa ukutani, na Ranganatha huandaliwa kwa ajili yake mikate ya ngano, chakula cha kaskazini. Wanahistoria watakuwa na la kusema juu ya simulizi hii. Mimi, nikiwa na ushungi wangu kichwani katika ua wa nje, nilimsikiliza Amma akiieleza, na muuza maua aliyekuwa karibu nasi akaongeza habari ya mikate kwa sauti ya mtu anayesahihisha.

Mwezi huu wa Margazhi uliishia siku ya 29, kwa hiyo beti mbili za mwisho zilisomwa pamoja. Katika ubeti wa 29 wasichana, ambao tangu mwanzo wamekuwa wakiomba ngoma, wanakiri kwamba hawakuja kwa ajili ya ngoma: wanataka utumishi, kwa vizazi saba na saba tena, na matamanio mengine yageuzwe. Ubeti wa 30 ni wa saini, kama washairi wetu wa pwani wanavyojitaja katika kaditama ya tenzi zao. Amma aliusoma huku akinifasiria mstari kwa mstari, kati ya kelele za mahujaji. Andal hajiiti mungu humo, wala bibi harusi wa Ranganatha, ingawa tulikuwa tumesimama nyumbani kwa mumewe. Anajiita Kodai, binti wa mkuu wa makuhani wa Puduvai, jina jingine la mji ule wa mnara, na anasema kwamba ametunga shada la beti 30 za Kitamil, na kwamba atakayezisoma bila kuacha hata moja atapata rehema popote alipo.